Mwanangu, umeuliza nani alimpigia mwenzake magoti

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, ila goti langu halitaki tena ngazi za kanisani. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umesema mlipata mgeni wa kisiasa kwenye Misa, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, nawe ukatoka kabla ya baraka. Kisha ukauliza: "Mama, kanisa lilipoingia ikulu ya Roma, nani alimpigia mwenzake magoti?" Ulijua unamuuliza mwalimu wa historia mstaafu, basi vumilia.

Wengine wangekuanzishia na Kaisari Konstantino, uhuru wa dini wa mwaka 313 na Mtaguso wa Nikea wa 325, mkutano wa maaskofu uliotamka kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba. Hayo unayajua. Mimi nakupeleka Milano, miaka sitini hivi baadaye, kwa Ambrosi.

Huyu alikuwa mtu wa serikali kabla hajawa mtu wa kanisa. Alikuwa gavana. Mwaka 374 askofu wa Milano alifariki, waumini wakagawanyika, wafuasi wa Nikea huku na Waario, waliokana kwamba Kristo ni sawa na Baba, kule, naye akaenda kanisani kutuliza ghasia. Umati ukapaza sauti: awe askofu yeye! Na kubatizwa alikuwa hata hajabatizwa. Alibatizwa na kuwekwa wakfu ndani ya siku chache. Kwa hiyo alijua vizuri jinsi serikali inavyokwenda: nani anamwogopa nani, na neno gani lisemwe faragha na lipi lisemwe hadharani.

Mwaka 386 Justina, mama wa Kaisari kijana Valentinian wa Pili, alitaka Waario wapewe kanisa moja mjini. Ambrosi akakataa. Askari wakalizingira, waumini wakakesha ndani, naye akawafundisha kuimba tenzi ili wasife moyo. Monica, mama yake Augustino, alikuwa miongoni mwao. (Kina mama wa kukesha hawakuanza leo.) Ndipo Ambrosi aliposema kwamba majumba ya kifalme ni ya Kaisari na makanisa ni ya askofu, na kwamba Kaisari yumo ndani ya kanisa, hayuko juu yake. Ikulu ikalegeza kamba.

Sasa twende Thesalonike, mji wa zile barua za Paulo. Ndiko Theodosius, Kaisari mwenzake Valentinian aliyetawala mashariki, alikobatizwa mwaka 380, na ndiko ilikotolewa mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, amri yake ya kuwataka raia wote waishike imani ya Utatu kama walivyoishika maaskofu wa Roma na Aleksandria. Miaka kumi baadaye jemadari wake, Butheric, alimtia ndani mwendesha gari la farasi aliyependwa mjini kama wanavyopendwa wachezaji wa mpira siku hizi. Watu wakataka aachiwe, jemadari akakataa, wakamuua. Theodosius alikuwa mbali, huko Italia. Akapandwa na hasira, akatoa amri. Baadaye moyo ukamrudi, akatuma ya kuizuia, lakini ikachelewa. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani wakingoja michezo. Wakaingia askari wenye panga.

Theodoret, mwandishi wa historia ya kanisa, ametaja waliokufa 7,000, ila aliandika zaidi ya nusu karne baadaye, kwa hiyo sikuwahi kuwaambia wanafunzi waikariri. Nilichowasomea ni kisa alichokiandika mwanahistoria mwingine, Sozomen, cha mfanyabiashara aliyewakuta wanawe wawili mikononi mwa askari. Akawaomba wamuue yeye wawaachie watoto, na dhahabu yake yote wachukue. Wakamhurumia, wakamwambia tutakubadilisha na mmoja tu, wote wawili hatuwezi, hesabu itapungua. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akilia, asiweze kuchagua. Wakauawa wote wawili mbele yake. Hilo neno "hesabu itapungua" lilikuwa linanyamazisha darasa zima.

Ambrosi hakukimbilia mimbari. Aliondoka mjini akisema anaumwa, kisha akamwandikia Kaisari barua kwa mkono wake mwenyewe, ili asomaye awe Kaisari peke yake. Anamwambia hathubutu kutoa sadaka ya altare iwapo yeye atakuwepo. Anamkumbusha Mfalme Daudi alivyokubali kosa mbele ya nabii Nathani. Anamwambia hata tabia yake: hasira zako, mtu akizituliza, unageuka upesi ukawa na huruma, akizichochea, huwezi kuzizuia. Ile picha ya askofu akimzuia Kaisari mlangoni kwa mkono, ambayo Rubens aliichora, inatokana na masimulizi ya baadaye. Mambo yalikwenda kimya zaidi: barua, muda ukapita, kisha Theodosius akavua mapambo ya kifalme akalia kanisani watu wakimwona. Ambrosi mwenyewe aliyasema hayo mwaka 395, akihubiri kwenye ibada ya kumwombea Theodosius baada ya kufa.

Hapo ndipo nilipokuwa namalizia somo kila mwaka. Kengele inalia, wanafunzi wamefurahi, kanisa limeshinda.

Nilichokuwa naruka ni mwaka 388. Huko Callinicum, kando ya mto Frati (leo mji huo unaitwa Raqqa, uko Syria), Wakristo walichoma sinagogi la Wayahudi, na askofu wao akashtakiwa kwamba ndiye aliyewachochea. Theodosius akaamuru askofu alijenge upya. Amri ya haki kabisa. Hata wewe hakimu usingeandika nyingine. Ambrosi akaipinga kwa barua. Kaisari akalegeza suala la ujenzi, lakini watawa waliohusika na vurugu za huko bado walikuwa na kesi. Basi siku moja kanisani Ambrosi akahubiri akimlenga. Aliposhuka, Theodosius akamwambia: umehubiri juu yangu. Akajibu: nimesema ya kukufaa. Kaisari akakiri kwamba amri ya sinagogi ilikuwa kali na ameirekebisha, ila hao watawa, akasema, wanafanya maovu mengi. Ambrosi akabaki amesimama mbele yake, akikataa kwenda altareni mpaka apewe ahadi kwamba kesi yote imefutwa. Akapewa. Ndipo akaendelea na ibada.

Umeona? Askofu ni yuleyule, altare ni ileile, na silaha ni ileile ya kusema "sitoi sadaka". Mara moja ilitumika kwa ajili ya yule baba wa Thesalonike na wenzake. Miaka miwili nyuma yake ilitumika ili walioteketeza nyumba ya ibada ya watu wengine wasiguswe. Kwa hiyo nikikujibu tu kwamba Kaisari ndiye aliyepiga magoti, nitakuwa nimekudanganya kama nilivyowadanganya wanafunzi wangu. Alipiga kweli. Lakini Wayahudi wa Callinicum hawakuwa na mtu wa kusimama altareni kwa ajili yao.

Kuhusu mgeni wenu, sikusifu kwa kutoka wala sikulaumu. Nilikuwa kwenye halmashauri ya parokia mwaka mmoja wa uchaguzi, mgombea akatuletea mabati ya kanisa. Tukampa kipaza sauti. Baada ya kushinda, watu wa bondeni, wengi wao si wa dhehebu letu, wakavunjiwa vibanda vyao usiku. Wakaja kuomba tumsemeshe. Katibu akasema tusichanganye dini na siasa, nami nikaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Mabati hayavuji mpaka leo. Mvua ikinyesha wakati wa Misa, padre hasikiki.

Baba yako anakusalimu, anauliza lini utakuja.

Mama yako