Gari inafanya "tak" halafu kimya, usikimbilie kununua stata

SUALI: Assalamu alaykum fundi. Mie nipo Wete, Pemba, nina Toyota Noah napakia abiria na mizigo alfajiri kuwahisha watu boti Mkoani. Sasa wiki ya pili hii nikizungusha ufunguo inafanya tak mara moja tu, basi, kimya, ukirudia mara nne tano inashika kama haikuwa na kitu. Betri mpya nimeitia mwezi uliopita. Fundi wa hapa kanambia stata imekufa ninunue nyengine, nimeulizia ya mtumba bei imenitoa jasho na waranti hawatoi. Ninunue?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Pesa iache mfukoni kwanza mpaka stata yenyewe, ile mota inayozungusha injini iwake, ikiri kosa.

Hiyo tak moja uloandika imeshasema mengi. Gari ikifanya tatatatata kama cherehani aghlabu umeme ni mdogo, betri imechoka ama teminali zimelegea. Kimya kabisa hata tak hakuna, tizama fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme) na swichi ya ufunguo. Yako ni tak moja nzito, maana yake solenoidi, kile kigudulia kidogo kilopanda mgongoni mwa stata, amri inapata na inavuta, ila umeme mwingi wa kuzungusha mota haupiti. Umekwama wapi, ndio kazi yetu.

Usiku elekeza gari ukutani, washa taa kubwa, mwambie kijana apige stata na wewe utizame ukuta. Taa zikizama karibu kuzimika, rudi kwenye betri na teminali zake. Zikibaki kali vilevile na tak umeisikia, basi umeme hauingii kwenye mota.

Na betri kuwa mpya si kusema imejaa. Chukua mita ya umeme, gari iwe imelala usiku mzima, betri isome kama volti 12.6, chini ya 12.2 kaichaji kwanza ndio uendelee. Ukipiga stata isishuke chini ya 10, na gari ikishawaka isome baina ya 13.8 na 14.5, isipofika hapo altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ndio inakumalizia betri.

Halafu sie wa visiwani tuna adui wetu, chumvi. Ililetwa kwangu gari moja imeshabadilishwa stata mara mbili, mara mbili! nikafungua waya wa negetivu pale unapofungwa kwenye giaboksi, bolti imevaa kutu na chini yake unga wa kijani, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'ara nikakaza, ikawaka pale pale. Mwenyewe hakucheka. Kwa hiyo safisha ncha zote za waya, si zile mbili za juu ya betri tu ambazo kila mtu anaziona.

Ukishasafisha na tak bado ipo, mguu mweusi wa mita uweke kwenye kichwa cha negetivu cha betri, mwekundu kwenye bolti nene ya stata inayotoka betri, gia iwe P na hendibreki juu, kijana apige. Umeme hapo ukianguka sana kuliko wa betri, waya ndio mgonjwa. Ukiwa mzima hamishia mwekundu bolti ya pili, ile inayoingia kwenye mota: tak imelia na hapo hamna kitu, kontakti za solenoidi, vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, zimelika; umeme upo na mota haizunguki, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha.

Mie kwa maelezo yako, hiyo ya kukataa mara nne halafu kushika, ningeanza kushuku kontakti. Stata nyingi za Denso kwenye Toyota zina vipande viwili vya kopa ndani ya solenoidi, vinalika pole pole mpaka havigusani sawasawa. Unabadilisha vipande tu na stata yako ya asili inabaki, tena mie naiamini zaidi kuliko ya mtumba usoijua imetoka gari gani. Kabla hujaishusha lakini fungua negetivu ya betri, ule waya mnene wa stata una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa bodi utaona cheche mpaka machoni.

SUALI: Ist yangu ikiwa kwenye P haiwaki wala haitoi sauti, nikitia N inawaka. Nibadilishe nini? Msomaji wa Fumba.

JIBU: Stata usiiguse bibie, nzima hiyo. Ni swichi ya gia pembeni mwa giaboksi, imehama kidogo ama imeingia maji, mwambie fundi ailegeze airekebishe na asafishe soketi yake kwanza kabla hajakutuma dukani.