Rimoti inakubali usiku, mchana inagoma

SWALI: Fundi shikamoo. Niko kidato cha sita, tunakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Nimeunga Arduino Uno, kile kibao cha saketi unachokiandikia programu, na ile risiva nyeusi ya miguu mitatu inayopokea mwanga wa rimoti, VS1838B, niwashe feni ya sebuleni kwa rimoti ya redio iliyokufa. Usiku inakubali mpaka nikiwa mlangoni, ila ikifika saa tisa mchana haisikii mpaka niisogelee kabisa. Betri nimebadilisha, kodi ya programu nimeandika upya mara tatu. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kodi iache kama ilivyo, ingekuwa mbovu hata usiku ungelia. Hiyo risiva inatazama dirisha la magharibi eeh? Manake jua la Dodoma unalijua, na jua limejaa infraredi, mwanga uleule wa rimoti ambao macho hayauoni, sasa risiva inazidiwa, ni kama umulike tochi uwanjani saa sita mchana. Rimoti yako inawasha na kuzima kitaa chake kama mara 38,000 kwa sekunde na risiva inatafuta mdundo huo tu, lakini mwanga ukizidi inajipunguzia usikivu yenyewe, ndo maana ukisogea karibu inakubali.

Mimi lilinitesa wiki nzima kwenye taa ya chumbani, nachomoa waya narudisha, mpaka siku moja nikapitisha kiganja kuziba jua afu relei, ile swichi inayowashwa na Arduino, ikalia "tik". Nilikaa chini kwa furaha.

Jaribu hivyohivyo na kiganja. Ikikubali, geuza risiva ilipe dirisha mgongo, kisha kata kipande cha boksi gumu ukikunje kiwe mrija wa sentimita 3 hivi uivishe usoni. Usitumie plastiki nyeusi yoyote utakayookota, nyingine infraredi inapita tu kama kioo. Weka na kapasita (kile kidude kinachotunza umeme kidogo) ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa chanya na wa hasi, karibu kabisa na risiva, manake feni ikiwaka inasumbua umeme.

Rimoti yenyewe ipime kwa kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe utaona kitaa kinametameta zambarau.

Na upande wa feni kuna volti 230, relei ikiwa imezima bado waya mmoja una moto, kwa hiyo chomoa kwenye soketi kwanza ndo ushike bisibisi, na siku ya kufunga mwite fundi umeme wa mtaani akuangalizie.