Maswali yenu: Daftari la hesabu la kubandika vikaratasi, lina faida au ni urembo tu?

SWALI: Nafundisha hesabu kidato cha kwanza huku Ilemela, darasa lina watoto kama 80. Kwenye semina tulionyeshwa daftari shirikishi, lile upande mmoja mtoto anaandika noti za mwalimu na upande wa pili anafanya kazi yake, anakunja vikaratasi na kubandika. Nikajaribu kwenye mada ya sehemu, vipindi viwili vikaisha kwenye kukata na gundi, silabasi inanikimbia. Niendelee au niache? (Mwalimu, Ilemela)

JIBU: Mwalimu mwenzangu endelea, ila mkasi upunguze sana. Huu mtindo Marekani umeenea kwa watoto wa darasa la sita mpaka la nane, miaka 11 mpaka 14 hivi, karibu rika moja na hao wako, na walimu wengi tunaujua kwa picha za mtandaoni ambazo zinavutia kwelikweli, rangi kila kona, maua, vibahasha, basi tunadhani uzuri wa daftari ndo somo lenyewe. Somo liko ukurasa wa kushoto. Kulia ni kile ulichompa wewe, yaani kanuni na mfano mliofanya ubaoni, kushoto ni pake yeye, aonyeshe ameelewa nini kwa akili yake, na kama kushoto kabandika kitu ulichomkatia wewe na akanakili maneno yako basi ana kurasa mbili za noti, hana daftari shirikishi.

Chukua hiyohiyo mada ya sehemu. Kulia mmeandika namna ya kujumlisha 1/2 na 1/3, mmetafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) cha 2 na 3 mkapata 6, jibu 5/6. Sasa kushoto usiwape maswali kumi yanayofanana, wape kosa: kuna mtu kajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini) akapata 2/5, mwonyeshe kwa mchoro kwamba haiwezekani. Mtoto akichora mistatili miwili inayolingana ataona mwenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 aliyoanza nayo, umeongeza halafu imepungua, inakuwaje? Akishaandika hilo kwa mkono wake kuna uwezekano mkubwa atashtuka siku akilirudia kosa lenyewe. Hapo hakuna mkasi wala gundi, ni rula na penseli na dakika kumi.

Mkifika kwenye skeli waulize daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3, kwenye ramani ya 1:50,000 litakuwa sentimita ngapi? Ni 6. Halafu kila mmoja ajitungie lake, kutoka kwao mpaka shuleni, au Kirumba mpaka Nyegezi, sababu mtoto anayetunga swali lazima ajue jibu linatokaje.

Na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, lugha. Hawa watoto wengi wametoka msingi wamesoma hesabu kwa Kiswahili, wengine nyumbani ni Kisukuma, wanaingia kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, mtoto ananakili noti safi kabisa bila kujua kaandika nini. Ukurasa wa kushoto mruhusu aandike kwa Kiswahili. Mtihani utakuwa Kiingereza ndiyo, na noti za kulia ziko Kiingereza zimemtazama palepale, lakini kuelewa kwanza aelewe huku kushoto.

Kuhusu muda, kwenye kipindi cha dakika 40 kubandika kusizidi dakika tano, kinachohitaji kukunjwa wakunje ukurasa wenyewe wa daftari. Kurasa mbili za mwanzo waache za yaliyomo na kila ukurasa uwe na namba, maana ukisema fungueni ukurasa wa 14 darasa zima liwe 14, vinginevyo ni vurugu. Kusahihisha madaftari 80 kwa siku huwezi na usijaribu, pita mstari mmoja wa madawati wakati wanafanya kazi, kesho mstari mwingine, na unapopita soma kushoto tu.

SWALI: Mimi ni mzazi, nauza dagaa pale Mwaloni. Binti yangu kaambiwa na shule alete kaunta buku, mkasi, gundi, kalamu za rangi na manila, yote ya somo moja la hesabu. Ni lazima? (Mama, Igoma)

JIBU: Pole mama. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, rula, penseli na kalamu ya bluu na nyekundu, basi. Mkasi mmoja unatosha dawati zima, na gundi mnaweza kupika uji mzito wa unga wa muhogo, apake kidogo sana na aache ukauke kabla ya kufunga daftari, la sivyo kurasa zitagandana na wadudu watakuja. Mengine nenda kaongee na mwalimu kwa upole, mweleze hali.

Ila wewe una kitu ambacho duka la vifaa halina. Jioni mwambie tuseme nimenunua sado kwa shilingi 6,000 nimeuza 7,500, faida ni asilimia ngapi? Ni 25. Aiandike ukurasa wa kushoto halafu akueleze kwa mdomo kaipataje, akibabaika hapo ndo pa kumuuliza mwalimu kesho yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili Ukerewe. Daftari langu la hesabu ni zuri, wenzangu wanaliazima, nalisoma kila siku lakini kwenye jaribio nasahau. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Nansio)

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha kulisoma, anza kujiuliza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walipima wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena na waliosoma halafu wakajipima kukumbuka, baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki waliojipima wakawapita. Yalikuwa maandishi siyo hesabu, lakini kwenye hesabu ndo utaliona haraka zaidi, maana mfano uliokwisha fanywa ukiutazama unaona unaujua, ukiufunika kalamu inasimama.

Kwa hiyo vile vikaratasi ulivyobandika vifanye vifuniko. Juu swali, chini jibu, usifunue mpaka umeandika lako kwenye karatasi ya pembeni. Mfano namba hasi, chora mstari wa namba uliosimama, 0 ni uso wa ziwa, sehemu yenye kina kirefu zaidi ya ziwa letu la Victoria ni kama mita 80 kwenda chini, hiyo iwe -80. Nanga iko -12, imevutwa juu mita 7, iko wapi? Chini ya kifuniko -5. Fanya hivyo kwa Pythagoras, fanya kwa vipeo, mada za zamani uzichanganye na za wiki hii usizipange.

Ulichokosea kitungie swali lingine pembeni ulirudie wiki ijayo, na kikiendelea kukugomea mpelekee mwalimu daftari likiwa wazi ukurasa huohuo aone umekwama mstari gani.