Kabla hujafunga safari ya nzi bandia, ijue kwanza bahari ya kwenu

Nimezaliwa Mikindani, Mtwara, na nimelelewa na mjomba, mvuvi wa mshipi wa mkono. Kuvua kwa nzi bandia nilijifunza ukubwani, kwa mgeni mmoja aliyekaa kwetu msimu mzima. Tangu nianze kusimulia safari zangu, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nianzie wapi, Kenya kwenye mito ya baridi au Shelisheli? Jibu langu huwa lilelile. Anzia hapo ulipo, miezi sita kamili, kisha ndipo uulizie tiketi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kwenye mshipi wa mkono, risasi, kile kipande kizito kinachofungwa kwenye uzi, ndiyo inayokwenda mbali na uzi unaifuata. Huku hakuna risasi. Nzi ni ndoana iliyofungwa manyoya, nyepesi kama unyoya wenyewe, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na una uzito wake. Unaurusha nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Wanaoanza karibu wote hukosea hapo pa kusubiri; wanaharakisha, mshipi unawaangukia miguuni. Kwa sehemu hii maji hayahitajiki kabisa. Nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira kila jioni, nimefunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana.

Lakini kurusha ni nusu tu. Nusu ya pili ni maji, na maji ya Mtwara yana mengi ya kufundisha. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na mafungu ya mchanga yanabaki wazi mpaka mbali. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kama dakika 50. Samaki hawaji maji yakiwa yamekauka, wanaingia na maji ya kwanza yanayojaa, kina cha magotini, wakifuata kaa na dagaa walioko kwenye majani ya bahari. Hapo ndipo kolekole hupita, na ukimwona mgongo unakata maji moyo unakwenda mbio. Saa mbili tu, kisha kina kinakuzidi. Mtu asiyejua saa hizo anaweza kukaa ufukweni wiki nzima na ufito, yaani fimbo ya kuvulia, wa bei kali asimwone hata mmoja.

Upepo nao. Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi, kurusha ni taabu. Mimi nangojea Oktoba na Novemba, kusi imelegea na kaskazi haijapata nguvu. Kama unatumia mkono wa kulia, simama upepo ukutokee kushoto. Ukitokea kulia unakuletea ndoana usoni, kwa hiyo miwani usivue hata siku ya utulivu. Na ukitembea kwenye maji, buruta nyayo, usizinyanyue: samaki aitwaye taa amejifukia mchangani na mwiba wake hauna mchezo. Ruvuma mtoni usiingie kwa miguu hata kidogo, kuna mamba na viboko.

Ukienda upande wa Msimbati, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Uliza ofisi yao kwanza kuhusu ada na sehemu zinazoruhusiwa.

Nzi nafunga mwenyewe. Manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji na singa nyeupe za mbuzi hutoa nzi anayefanana na dagaa kabisa, na hayo hayakosekani kijiji chochote cha kusini.

Safari yangu ya Kenya niliifanya baada ya misimu miwili. Trauti si samaki wa asili Afrika Mashariki. Walipandikizwa kwenye mito ya milima ya Aberdare kuanzia mwaka 1905. Nilifika Februari, mito ikiwa myeupe kabla ya mvua za masika, na baridi ya alfajiri huko juu ilinishika vibaya, nguo zangu zilikuwa za pwani. Mto ulikuwa na upana wa hatua sita, miti imenifunga nyuma, hakuna pa kurusha. Trauti wa kwanza aliuma, nikamvuta kwa mkono wa mshipi kama ninavyomvuta kolekole. Uzi wa mwisho, mwembamba kama unywele, ukakatika. Wa pili hivyo hivyo. Mzee aliyekuwa ananiongoza akaniambia, "Kijana, huyu usimvute. Mwinulie ufito tu." Wa tatu nikampata.

Wageni wanaokuja kwetu hukosea kinyume chake. Wanainua ufito kwa mazoea ya trauti, na kolekole, mwenye mdomo mgumu, anaitema ndoana. Kwa hiyo kila uendako, saa ya kwanza usivue. Mtazame mwenyeji.

Kumrudisha samaki majini kulinisumbua sana mwanzoni. Mjomba alipoona namwachia kolekole mkubwa alininunia siku mbili. Sasa tumekubaliana: cha chungu kinachukuliwa, kinachozidi kinarudi. Nakibonyeza kwa koleo kile kijino cha ndoana ili itoke bila kumchana. Nimeona mwamba uliopigwa baruti, mweupe, umevunjikavunjika kama vigae, hata kaa hakuna. Tangu siku hiyo sioni aibu kumwachia samaki.

Na ukija kuvua Mtwara, usitembee peke yako. Tafuta mvuvi mwenye ngalawa, mpatane bei mapema, na umlipe kwa maji mazima, kuanzia kupwa mpaka kujaa, wala si kwa saa. Siku aliyokuchukua wewe yeye hakuvua, na nyumbani kwake wanasubiri kitoweo.