Maswali na majibu: vyakula vya barabarani vya Surat

Locho yangu hutoka ngumu kama ugali wa jana. Ni kweli ni khaman, ile keki ya dengu ya kupikwa kwa mvuke, iliyoharibika?

Ndivyo wanavyosimulia wenyewe mjini Surat, Gujarat, India: rojo la khaman lilizidi maji, likagoma kukatika vipande, na locho kwa Kigujarati ni mambo kuvurugika. Kwa hiyo yako ikikatika kwa kisu, umepika khaman.

Roweka vikombe 2 vya dengu za kupasua na robo kikombe cha choroko nyeusi zilizokobolewa kwa saa 5 au 6. Saga na nusu kikombe cha mtindi mkali, ubakize chenga kidogo, kisha funika penye joto usiku kucha. Asubuhi tia chumvi, nusu kijiko cha chai cha manjano, mvuje kidogo, tangawizi na pilipili mbichi zilizotwangwa, na vijiko 2 vya mafuta. Ongeza maji mpaka rojo liwe kama la chapati za maji. Bikabonati ya soda, nusu kijiko cha chai, iingie mwisho kabisa, sufuria ya mvuke ikiwa tayari inachemka. Ukiitia mapema, gesi yote inatoka kabla ya moto na locho inashikana. Ukiizidisha, manjano hugeuka madoa mekundu na ladha inakuwa ya sabuni. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Halafu usiipoze! Muuzaji huikwangua kwenye trei ingali inafuka, akamwagia mafuta au siagi, akatia vitunguu, tambi nyembamba za dengu, chatne ya kotimiri na masala ya pilipili nyekundu, chumvi nyeusi na jira iliyokaangwa. Ikishapoa hukazana, na hapo hata mafuta hayaisaidii.

Na dhokla nyeupe, nayo keki ya mvuke?

Hiyo ni ya mchele na choroko nyeusi. Haina undugu na dengu.

Nikienda Surat Agosti nitapata ponk?

Hutapata. Ponk ni mtama mbichi, punje zikiwa bado na maziwa, na msimu wake ni wa baridi, takriban Novemba hadi Februari. Masuke huchomwa kwenye majivu ya moto, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa na kupigwa kwa fimbo mpaka punje ziachane nayo, kisha hupepetwa. Anayejua pepeta ya mpunga ataelewa mara moja, ila ponk haitwangwi, hubaki laini na ya kijani. Huliwa na tambi za dengu zenye ndimu na pilipili manga, au kitunguu saumu, na mtindi mwepesi pembeni. Nunua ya kula siku hiyohiyo, maana ina unyevu na huchacha upesi. Iliyobaki tengeneza bajia.

Undhiyu yangu, mchanganyiko wa mboga, inavurugika, na mafuta ni mengi mno.

Mafuta mengi ni desturi yake. Ukiyapunguza sana, mboga zinashika chini. Kinachoivuruga ni mwiko. Panga kwa tabaka: maharage mabichi ya papdi chini, juu yake viazi vikuu vya zambarau, viazi vitamu, biringanya ndogo na ndizi mbichi, zilizojazwa nazi, kotimiri na majani mabichi ya kitunguu saumu. Vidonge vya uwatu na unga wa dengu vikaange kando, uviweke dakika 10 za mwisho. Moto mdogo, na badala ya kukoroga tikisa sufuria. Kiungo cha ajwani usikiache, maharage hayo yanajaza tumbo gesi. Siku yake kubwa ni sikukuu ya Uttarayan, 14 Januari, watu wakirusha tiara.

Usipotaka mafuta tafuta umbadiyu, ndugu yake undhiyu, inayopikwa na majani ndani ya chungu kwenye moto na kuuzwa kando ya barabara kuu kuelekea mji wa Valsad.

Ghari, ile peremende ya Surat, inafaa kusafirishwa?

Ndani ina maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, nje samli iliyoganda. Kwenye joto samli huyeyuka kwanza, kisha maziwa huchacha. Safari ya siku moja, sawa. Zaidi ya hapo, chukua tambi za dengu.