Paka anayezaa kila mara kwenye nyumba ya kupanga: anza na majike

Mkuu, nimekuelewa. Paka wako hapo Tabata bado ananyonyesha na tumbo limeshaanza kutokeza tena, na mama mwenye nyumba anataka watoto watiwe kwenye kiroba wakatupwe sokoni.

Mimi nipo Buguruni, nyumba ya wapangaji wengi. Kabla sijahamia, kutupa ndiyo ilikuwa dawa yao, na paka hawakuisha hata siku moja. Wataishaje? Jirani ni mama ntilie, kila jioni anamwaga vichwa vya samaki. Ukiondoa hawa, wa mtaa wa pili wanakuja kushika nafasi.

Uliuliza inakuwaje ashike mimba akiwa ananyonyesha. Kwa paka ni kawaida kabisa. Mimba yenyewe ni siku 63 hadi 65 hivi, anazaa watoto watatu, wanne, watano, na hao majike wadogo wanaweza kubeba mimba tangu miezi minne au mitano. Tena huku kwetu hakuna msimu. Kule Ulaya mchana ukifupika wakati wa baridi majike wengi hupumzika, lakini Dar mchana haupishani sana na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo ni kuzaa tu.

Dawa ni kuwafunga kizazi kwa daktari wa mifugo. Hela ikiwa ndogo, anza na majike. Dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapa mimba wote wa mtaa, ila jike akishafungwa kizazi ndiyo imetoka hiyo. Sisemi madume waachwe. Wakihasiwa wanapunguza kupigana na kukojolea milango, na ukweli ni kwamba harufu ya ule mkojo ndiyo iliyomfanya mwenye nyumba wetu atoe mchango bila kubembelezwa.

Kabla ya kwenda, muulize daktari wa mifugo kama amezoea kupasua paka, maana kuna wanaoshinda na ng'ombe na kuku tu. Mweleze pia kwamba unamhisi ana mimba. Mwingine atampasua mimba ikiwa changa, mwingine atakwambia usubiri. Paka mkubwa halali na chakula tumboni usiku wa kuamkia upasuaji. Mtoto usimshindishe njaa hivyo, uliza ni saa ngapi.

Yule asiyeshikika tulimnasa kwa tenga la kuku, dagaa ndani, kisha tukalifunika kanga. Akiwa gizani anatulia, hata dereva wa bajaji hakulalamika. Huyo wa nje mwombe daktari amkate kidogo ncha ya sikio akiwa bado na usingizi wa dawa, asije akakamatwa tena akapasuliwa bure.

Akirudi nyumbani atataka kulamba nyuzi. Mimi nilikata mkono wa fulana ya zamani, nikautoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha. Alitembea kinyumenyume kama kaa, baadaye akazoea. Na tafadhali, ukimwona ananung'unika usimpe panadol. Kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaua. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari.

Hao watoto wakishaacha kunyonya na kufika kama kilo moja, uliza kama wanaweza kufanyiwa mapema. Wakiwemo madume, kumbuka aliyehasiwa leo bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa kwa mbegu zilizobaki, kwa hiyo kama dada zake hawajafungwa, watenge kwanza.