Ile sauti ya kichwani, usibishane nayo

Pole sana dada yangu. Umesema tangu ule usaili wa kazi uende vibaya kila usiku kichwa kinakwambia "mimi sifai kitu", na ukijilazimisha kuwaza mazuri ndo inazidi. Ni kweli inazidi, maana ukikazana usiwaze kitu inabidi kila saa uchungulie kama kimeondoka, kwa hiyo unakiita mwenyewe. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Steven Hayes, yeye na wenzake walianza miaka ya 1980 tiba inaitwa ACT (kifupi cha Acceptance and Commitment Therapy), hawapigani na wazo, wanalisogeza mbali kidogo tu. Badala ya "sifai" sema "naona nina wazo kwamba sifai". Kitu kidogo lakini hapo we uko huku, wazo liko kule. Au neno lenyewe litamke kwa sauti haraka haraka sekunde 30 hivi bila kupumzika, sifaisifaisifai, linabaki mlio tu. Mi lilinisaidia hilo nilipofeli mtihani, nilikuwa nafanyia bafuni. Sauti haifutiki, inapungua nguvu. Ila ikianza kukwambia ujidhuru usikae nayo peke yako, mwambie mtu leo leo.